Ball iko miezi saba na bado hujui daktari wa mtoi? Mwongozo wa wazazi wa Kisumu na lakeside

Saa nane usiku, Manyatta. Mtoi ana siku nne. Jana alikuwa ananyonya fiti. Leo tangu jioni amelala tu, ukimweka kwa titi anavuta mara mbili anaachilia. Macho yanakaa manjano, ama ni hii balbu? Dani amesema mtoi mchanga hulala, muacheni. Jirani anasema hiyo ni malaria, kemisti ya stage ikifunguliwa asubuhi mnunue dawa. Baba mtoi ameshika simu, anapitia majina kutoka A hadi Z, na hajui apigie nani.

Usiku kama huo umepitia keja nyingi hapa Dala. Na ukiangalia vizuri, shida haikuanza saa nane usiku. Ilianza miezi nyuma, wakati kila mtu alikuwa busy na picha za ball na kubishana juu ya jina, na hakuna aliyeuliza: huyu mtoi akizaliwa, nani atamcheki?

Kama wewe ama mresh wako ako na ball, hii ni yako. Tunaongea venye unachagua daktari wa watoto kabla mtoi hajafika, hata kama mfuko umetoboka.

Mbona utafute mapema hivyo?

Kwanza, hesabu ya siku. Ukijifungua kawaida na kila kitu kiko sawa, hospitali hukuachilia baada ya kama masaa 24. Sasa cheki: ule umanjano wa watoi wachanga huwa unaanza kuonekana siku ya pili ama ya tatu, na hupanda zaidi siku ya tatu hadi ya tano. Wakati huo uko kejani tayari. Nasi hayuko, daktari hayuko, ni wewe na dani na google.

Pili, mtoi mchanga hana mwendo wa pole. Mtu mzima anaweza kuugua wiki nzima akisema ni uchovu. Mtoi wa siku tano anaweza kuamka poa, jioni awe amelemewa kabisa. Kwa hiyo muda wa kuanza kuuliza uliza huna.

Tatu, wewe mwenyewe. Baada ya kuzaa una usingizi, una maumivu, pengine umeshonwa. Huo si wakati wa kulinganisha kliniki.

Wakati poa wa kutafuta ni kati ya mwezi wa sita na wa nane. Bado unatembea vizuri, bado unaweza kupanda mat hadi tao na kuuliza maswali ukiwa umekaa. Ukingoja wa tisa, mtoi anaweza kukushtukia.

Kwani "daktari" ni nani?

Hapa wengi hupotea. Kenya, kila mtu mwenye koti nyeupe anaitwa daktari, hadi msee wa kemisti. Lakini hawa watu ni tofauti, na ni muhimu ujue uko mbele ya nani.

Nasi: huyu ndiye utamuona mara nyingi zaidi. Anapima uzito, anadunga chanjo, anakufunza kunyonyesha. Nasi mzoefu wa leba ama wa kliniki ya watoto ameona watoi wengi kuliko mtu yeyote mtaani kwako.

Afisa wa kliniki, yule huitwa CO: amesomea diploma ama digrii, anapima, anaandika dawa, na zahanati nyingi za huku zinasimama juu yake. Wako wengine wameongeza masomo ya magonjwa ya watoto. Hao ukipata, shika. Wanasajiliwa na baraza lao, Clinical Officers Council.

Daktari wa kawaida: amesoma karibu miaka sita chuo, akafanya mazoezi hospitalini, anatibu kila aina ya mgonjwa.

Daktari bingwa wa watoto: ni daktari kamili aliyerudi darasani miaka mitatu ama zaidi kusomea watoi peke yao. Hawa ni wachache, na wengi wako miji mikubwa.

Na kama unadhani daktari bingwa wa watoto ni mtu wa Nairobi tu, kumbuka ile setbook ya KCSE, The River and the Source. Aliyeandika, Margaret Ogola, mzaliwa wa Asembo hapo ufuoni, kazi yake ya kila siku ilikuwa daktari wa watoto. Na siku hizi Chuo Kikuu cha Maseno kina shule ya udaktari hapa Kisumu, wanafunzi wake wanajifunzia Jaramogi, ile hospitali wazee bado wanaita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969.

Je, kila mtoi anahitaji daktari bingwa? Hapana. Mtoi aliyezaliwa na uzito mzuri, ananyonya, anakojoa, anaweza kukua fiti na nasi pamoja na CO mzuri. Lakini kila mzazi anahitaji kujua daktari bingwa aliye karibu yuko wapi na anafikiwa vipi. Mtoi akizaliwa kabla ya wakati, akiwa mdogo sana, wakiwa mapacha, ama kama ulishapoteza mtoi mbeleni, huyo daktari anafaa kujua kuhusu ball yako hata kabla ya leba.

Mambo ya huku lake ambayo daktari wako lazima ajue

Ushauri mwingi wa kuchagua daktari uko mtandaoni umeandikwa kwa wazazi wa London ama Chicago. Huko hawana shida zetu. Mtu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay ama Migori, cheki kama daktari wako anaelewa hizi tano.

1. Si kila homa ni malaria
Tumelelewa tukijua joto likipanda ni malaria. Lakini kwa mtoi wa chini ya miezi mitatu, homa mara nyingi inaweza kuwa maambukizi ya bakteria kwenye damu, mapafu, mkojo ama uti wa mgongo, na hiyo ni dharura. Mtoi wa wiki mbili akiwa na homa anafaa kupimwa na kuonwa hospitalini siku hiyo hiyo. Mtu akikuambia "hii ni malaria tu" bila kutoa hata tone la damu, huyo si wako.

2. Selimundu
Hii ndiyo watu huita sickle cell, na kanda ya ziwa ni moja ya sehemu za Kenya iko juu sana. Kuna sababu: mtu aliyebeba chembe moja tu ya hii kitu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo pale malaria imekaa vizazi vingi, chembe hii nayo imebaki. Shida inakuja wazazi wote wawili wakiwa wameibeba. Hapo kila mtoi ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Pimeni damu nyinyi wawili sasa, ball ikiwa bado. Mtoi naye anaweza kupimwa mapema. Ugonjwa huwa haujionyeshi miezi ya kwanza, unakuja baadaye na mikono na miguu kuvimba, kilio cha maumivu na kuishiwa damu. Ukijulikana mapema, mtoi anaanzishiwa penisilini ya kila siku inayomkinga, na anaishi. Muulize daktari wako waziwazi: "Hapa mnapima selimundu ya watoi wachanga? Kama hampimi, mnatuma wapi?"

3. Umanjano
Kwa ngozi yetu nyeusi umanjano unajificha. Daktari mzuri atakuonyesha kabla hujaenda nyumbani: mpeleke mtoi kwa mwanga wa jua la mchana, cheki weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Ukitokea ndani ya masaa 24 ya kwanza, ama ukifika viganja na nyayo, usingoje kesho. Ukizidi unaweza kuharibu ubongo na masikio, lakini ukishikwa mapema matibabu ni kulazwa chini ya taa maalum ya bluu. Uliza hospitali yako kama taa hiyo iko na inafanya kazi.

Na hii wengi hawajui: zile vidonge nyeupe za kunukia mnaweka kwa sanduku la nguo kufukuza wadudu. Kuna watoi wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, na hali hiyo pia ni ya kawaida sehemu za malaria. Mtoi kama huyo akivalishwa nguo zilizokaa na hizo vidonge, chembe zake za damu zinaweza kuvunjika, umanjano upande kama moto. Nguo za kurithi kutoka ocha zifueni vizuri, zianikeni juani, na hizo vidonge ziwe mbali na mtoi kabisa.

4. HIV na siri yako
Kaunti za lake ziko mbele Kenya kwa maambukizi ya HIV, na hiyo si aibu ya mtu, ni hali ya kujipanga. Mama anayetumia dawa vizuri anaweza kabisa kuzaa na kunyonyesha mtoi asiye na virusi. Mtoi wake hupewa dawa za kumkinga tangu kuzaliwa na hupimwa kipimo cha PCR wiki ya sita, kisha anaendelea kufuatiliwa. Unataka daktari anayejua ratiba hiyo kwa kichwa, na anayefunga mlango kabla ya kuongea. Kama mapokezi wanaita hali yako kwa sauti foleni nzima ikiskia, toka.

5. Chanjo ya malaria
Kenya ilikuwa moja ya nchi tatu za kwanza duniani kujaribu hii chanjo kwa kliniki za kawaida, pamoja na Ghana na Malawi. Ilizinduliwa Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 2019. Huku lake inatolewa kwa dozi nne, ya kwanza mtoi akifika miezi 6. Daktari wa watoto wa Kisumu ambaye hajakutajia hii chanjo amelala.

Utaanzia wapi kutafuta?

Anzia kliniki ya wajawazito unayoenda. Nasi wa pale anajua kila kitu. Usimuulize "daktari mzuri ni nani," hiyo atakujibu kwa upole tu. Muulize hivi: "Sister, mtoi wako mwenyewe akiugua usiku, unampeleka kwa nani?" Jibu la hilo swali ni dhahabu.

Halafu ongelesha mathe wenye watoi wa chini ya mwaka mmoja, kwenye chama, kanisani, kwa plot. Uliza mambo ya kweli: alikuhudumia dakika ngapi? Ulipopiga simu alishika? Ulilipa ngapi jumla, na dawa?

Usisahau mhudumu wa afya wa kijiji, yule CHP anapita mlango kwa mlango. Tangu 2023 serikali iliwapa vifaa na simu, na kazi yao moja ni kutembelea mama na mtoi mchanga kejani. Anajua zahanati gani iko na dawa na gani iko na kufuli.

Ukishapata jina, thibitisha. Daktari yeyote anafaa kuwa amesajiliwa na Kenya Medical Practitioners and Dentists Council, KMPDC, na leseni yake hulipiwa upya kila mwaka. Ingia kwa tovuti yao, andika jina, utaona kama yuko na kama ni bingwa wa watoto kweli. Ni dakika mbili, na bundle yake haifiki bei ya smokie. Mtu anayejiita bingwa kwa bango na hayuko kwa orodha, hiyo ni ngori.

Maswali ya kwenda nayo

Ukipata wawili ama watatu, watembelee ball ikiwa bado. Nenda na baba mtoi ama mtu mwingine, vichwa viwili vinakumbuka zaidi. Madaktari wengi wanakubali kuongea na wazazi kabla ya kuzaa, uliza tu kama kuna malipo. Andika haya kwa simu:

1. Mtoi akiugua usiku ama Jumapili, napigia nani? Na ni nani anashika hiyo simu?
2. Usipokuwa, anakushikia nafasi nani, na ataona rekodi za mtoi wangu?
3. Utamcheki mtoi lini mara ya kwanza? Anafaa kuonwa ndani ya siku mbili za kwanza, tena wiki ya kwanza hadi ya pili, tena wiki ya sita.
4. Pale nitazaa, mtoi akikosa kulia, nani anamsaidia kupumua dakika ya kwanza? Kifaa cha saizi ya mtoi kiko chumbani?
5. Hospitali iko na wodi ya watoi wachanga, oksijeni, na mahali pa kumlea aliyezaliwa mapema kwa njia ya kangaruu, kifua kwa kifua?
6. Mambo yakizidi hapa, mnatuma wapi, kwa gari gani, na mnapiga simu mbele?
7. Wanaofanya zamu ya usiku wamepata mafunzo ya ETAT+? Haya ni mafunzo ya Kenya ya kuokoa watoi wenye hali mbaya, na daktari yeyote wa watoto anayajua.
8. Kukiwa na mgomo, mnafanyaje?
9. Kumuona ni ngapi, kurudi kuonyesha majibu ni ngapi, na bima gani mnakubali?
10. Una maoni gani juu ya maziwa ya kopo na dawa za tumbo za watoi?

Swali la nane usilicheke. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulienda siku 100. Wa 2024 ulienda karibu miezi miwili. Mtoi hazaliwi kwa kalenda ya chama cha wafanyakazi. Kama mpango wako wote uko hospitali ya umma, kuwa na jina la pili, ya misheni ama ya kibinafsi, na ujue bei yake mapema.

Swali la kumi nalo ni mtego. Kenya kuna sheria ya 2012 inayokataza kampuni za maziwa ya kopo kujitangaza hospitalini na kupea wahudumu zawadi. Daktari anayekuandikia chapa fulani ya maziwa na mtoi ananyonya vizuri, muulize sababu. Iko siku maziwa ya kopo yanahitajika kweli, lakini sababu ni ya kuelezwa.

Zaidi ya majibu, cheki tabia. Anakuangalia ama anaangalia simu? Ukiuliza swali "la kijinga," anajibu ama anakucheka? Anaongea Kiswahili, Dholuo ama lugha yenye dani ataelewa? Usichukulie hiyo kirahisi. Siku ya shida, dani ndiye atakuwa na mtoi mkononi. Kama daktari alishamweleza kwa heshima, dani atakuwa wa kwanza kusema "twende."

Tuongee doo

Jisajili SHA sasa hivi, usingoje leba. Unapiga *147# ama unaenda kwa ofisi zao. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mwajiri anapimwa uwezo wake, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na analipa ya mwaka mzima. Hapo ndipo wengi hunaswa: msee anafika leba na mchango haujalipwa. Kama unaendesha nduthi ama unauza omena Kibuye, anza kuweka kidogo kidogo mwezi wa tatu wa ball.

Mtoi akishazaliwa, usiondoke bila ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Ndiyo inakusaidia kumuongeza kwa bima yako na baadaye kupata cheti. Mtoi ambaye hajaongezwa anaweza kulazwa bili ikuangukie wewe.

Chanjo za serikali ni bure hospitali za umma: ya kifua kikuu na ya polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua miezi 9 na miezi 18. Kliniki nyingi za kibinafsi nazo hutoa chanjo hizo hizo lakini zinaweza kukutoza ada ya huduma. Kwa hiyo plan nzuri ya mfuko mwembamba ni hii: chanjo na uzito fanyia zahanati ya karibu, doo ya daktari bingwa iweke ya siku ya shida.

Na ile kitabu ya kliniki ya mama na mtoto, itunze kama kitambulisho. Iweke kwa karatasi ya plastiki. Daktari yeyote utakayemwendea usiku, hiyo ndiyo itamwambia historia.

Kama daktari bingwa ni ndoto tu

Omera, usijiskie vibaya. Wengi wetu hatutakuwa na daktari bingwa wa kibinafsi, na watoi wanakua. Chenye unahitaji ni timu ya watu watatu wenye majina: nasi mmoja wa zahanati ya karibu, CO mmoja wa hospitali ya subkaunti kama Lumumba ama ile iko mtaani kwako, na hospitali kubwa moja unayojua mlango wake wa dharura wa watoto uko upande gani. Kisumu hapo una Jaramogi barabara ya Kakamega, na hospitali ya rufaa ya kaunti katikati ya tao. Mwenye bima ya kazi anaweza kuongeza Aga Khan ama Avenue kwa orodha yake.

Nenda huko ukiwa na ball, siku ya kawaida. Ulizia wodi ya watoto. Cheki geti la usiku ni gani. Ukifika na mtoi anayehema vibaya, hutaki kuzunguka ukiuliza askari.

Wasee wa beach na visiwani

Ukiwa Mfangano, Remba, Mageta ama Takawiri, kuchagua daktari ni pia kuchagua boti. Rusinga mna daraja hadi Mbita, wengine mna maji. Feri ya Mbita na Luanda Kotieno haikungojei usiku, na ziwa likichafuka hakuna injini inakubali.

Kwa hivyo panga hivi. Kama ball yako imeambiwa ni ya hatari, yaani mapacha, presha, ulishapasuliwa ama mtoi amekaa vibaya, hamia kwa ndugu bara wiki mbili tatu kabla ya tarehe. Kama ni ya kawaida, ongea na wenye boti wawili mapema, mkubaliane bei ya usiku, na ile doo iwekwe kando isiguswe. Chukua namba ya zahanati ya kisiwa na ya hospitali ya kule ng'ambo, iwe Homa Bay, Bondo ama Siaya, ndio nasi apige simu mkiwa bado majini. Na sheria ya visiwani ni moja: dalili ya kwanza ikionekana kukiwa bado mchana, ondoka. Usingoje jioni uone kama atapata nafuu.

Dalili za kubandika ukutani

Daktari yeyote utakayechagua, hizi hazingoji miadi. Mtoi wa chini ya miezi miwili akiwa na moja tu, unatoka na yeye saa hiyo:

- Amekataa kunyonya ama ananyonya vibaya kuliko jana
- Ameshikwa na kifafa, ama mwili unakakamaa
- Anapumua mbio, mara 60 ama zaidi kwa dakika nzima ukihesabu, ama kifua kinabonyea ndani
- Joto ni 37.5 ama zaidi, ama yuko baridi, chini ya 35.5
- Hajisongi mpaka umguse, ama hajisongi kabisa
- Umanjano siku ya kwanza, ama umefika viganja na nyayo
- Kitovu ni chekundu ama kinatoa usaha

Ukienda, mbebe kifua kwa kifua chini ya blanketi, mlinde na upepo wa nduthi, na endelea kumnyonyesha njiani kama anaweza.

Na dawa za kienyeji? Hatuko hapa kupigana na nyamrerwa. Wengi wamewashika mikono mama zetu, na leo kuna wanaosindikiza wamama hadi hospitali. Lakini mtoi wa chini ya miezi sita hanywi kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama, na dawa daktari ameandika. Maji ya mizizi, maji ya sukari, dawa ya tumbo ya kemisti, zote ziwekeni. Daktari mzuri atakusaidia kumweleza dani hiyo bila kumdharau.

Kazi ya wikendi hii

Chukua karatasi moja. Andika mistari mitano: jina na namba ya daktari ama CO, namba ya nasi, namba ya CHP, hospitali ya usiku na geti lake, namba ya msee wa nduthi, tuktuk ama boti anayeamka. Chini yake andika zile dalili saba. Bandika kwa ukuta karibu na kitanda, na upige picha umtumie dani, baba mtoi na yule jirani wa malaria.

Sasa rudi Manyatta, saa nane usiku. Mtoi ni yule yule, macho ni yale yale ya manjano. Lakini baba mtoi hapitii majina kwa simu. Anasoma mstari wa kwanza ukutani, anapiga. Upande ule mtu anashika, anauliza maswali matatu, anasema, "Mleteni sasa." Nduthi iko nje. Dani ndiye amebeba kitabu ya kliniki.